Darubini ya bei poa: anza na lenzi yenye namba kubwa

Kama ndo umepata darubini yako ya kwanza najua utakachokimbilia, ni ile lenzi ya jicho (kile kilenzi unachochungulia) inayokuza kuliko zote, mi nilifanya hivyohivyo nikahangaika usiku mzima natafuta sayari ya Zohali naona giza tu na ukungu, nikaamini nimeuziwa kitu kibovu. Kumbe darubini ilikuwa nzima, nilikuwa nimechomeka lenzi ya milimita 4.

Hebu angalia ubavuni mwa hizo lenzi, kuna namba, mara nyingi 25 au 20, halafu 10, na seti nyingi za bei chee zinakuja na 4 pia. Hapa ndo wengi wanachanganyikiwa: namba ikiwa kubwa, ukuzaji unakuwa mdogo. Unachukua urefu wa fokasi, yaani umbali mwanga unaosafiri toka kioo cha mbele mpaka ukusanyike kuwa picha, umeandikwa kwenye bomba kwa milimita, unagawa kwa namba ya lenzi, basi. Bomba la 700 na lenzi ya 25 ni mara 28, ya 10 ni mara 70, ya 4 inaruka mpaka mara 175. Sasa kama kioo cha mbele kina upana wa milimita 70, mwisho wake wa maana ni kama mara 140 hivi, yaani mara mbili ya upana, na hapo hewa iwe imetulia kweli, ukizidisha unapata picha kubwa iliyofifia na kila ukigusa stendi inatetemeka. Ile "mara 525" iliyoandikwa boksini ni hiyo lenzi ya 4 ikiongezewa ya Barlow, yaani lenzi ya kuchomeka kabla ya ile ya jicho ili kuzidisha ukuzaji, ya mara 3, usihangaike nayo kabisa.

Kabla ya usiku wa kwanza fanya kazi moja mchana. Weka lenzi ya 25, tafuta nguzo au mnara wa mbali, uweke katikati, halafu kaza skrubu za kile kidarubini kidogo cha kulengea mpaka nacho kionyeshe palepale. Usiporuka hatua hii utaokoa masaa. Ila usielekeze karibu na jua, hata sekunde moja, jicho linaungua moja kwa moja, na kile kichujio kidogo cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho kikiwemo kwenye seti kitupe, kinapata moto kinapasuka huku unaangalia.

Usiku anza na mwezi, na usisubiri uwe mpevu, ukiwa nusu ndo vivuli vinaonyesha mashimo vizuri pale mwanga unapokutana na giza. Picha ikiwa imegeuka juu chini usishtuke, angani haina shida. Kitu kikikukimbia pia ni kawaida, dunia inazunguka, we sogeza bomba taratibu. Toka nje, usichungulie kupitia kioo cha dirisha.

Ukipata hela ya kuongeza nunua lenzi moja nzuri ya kati, kama 15, ila pima kwanza upana wa tundu la kuchomekea lenzi, nyingi ni inchi 1.25 lakini darubini nyingine za zamani ni 0.965 na haziingiliani.

Ukishamaliza mwezi tafuta sayari ya Mshtarii kwa ile ile 25. Utaona vinukta hadi vinne vimejipanga pembeni yake, ni miezi ile Galileo aliyoiona Januari 1610 kwa darubini ya kukuza kama mara 20 tu. Chora vilipo, kesho yake saa ileile rudi uangalie, vitakuwa vimehama.