Hilux ya mkononi: chungulia strena kabla ya kusifia rangi

Mkuu, umeuliza kama Hilux ya 2008 yenye injini ya dizeli ya 1KD, inayouzwa hapo Uyole, Mbeya, itafaa kubebea viazi, maana umesikia habari za rikoli, yaani kampuni kuyaita magari yenye kasoro yarekebishwe. Anza na namba ya chesesi: iingize kwenye tovuti ya Toyota ya nchi ilikotoka gari. Ila usijidanganye. Rikoli inafuata chesesi, na kama injini ilishabadilishwa, jibu hilo halikusaidii. Linganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi.

Ugonjwa hasa wa 1KD uko kwenye washa za kopa, yaani vipete vya shaba vinavyokaa chini ya nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini. Zikivuja, moshi wa mwako unapenya hadi kwenye oili, oili inageuka tope jeusi, strena (chujio la kufyonzea oili) ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, inaziba. Hapo turbo na beringi zinakosa oili, na injini imekwisha.

Kwa hiyo nenda alfajiri, Uyole ikiwa bado baridi, na uguse injini kwanza: ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kukuficha kitu. Ikigongagonga na kutoa moshi mweupe, shuku nozeli. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Moshi ukisukuma kwa nguvu, si dalili nzuri. Kisha fundi ashushe sampu achungulie strena. Muuzaji akigoma, ondoka.

Ipandishe pia mlima wa kwenda Chunya, ikiwa na magunia machache, macho kwenye geji ya joto. Ukiinunua, badilisha washa zote nne, oili na filta kabla hujapakia chochote.