Chuo au kijiko? Jibu langu kwa mpwa wangu

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita. Juzi kanitumia voisi: "Anko, mama anataka nikasome uhasibu, mimi nataka kuendesha mtambo kama wewe. Unasemaje?" Nikamjibu kwa voisi ya dakika nane, dada naye akaisikiliza, na tangu hapo hanipokelei simu. Ngoja basi niandike kwa utulivu.

Mimi chuo nilikikacha. Nafasi nilipata, ila miaka mitatu niliiona mingi, nikamfuata opereta mmoja wa kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, aliyekuwa anachimba misingi huku Goba, Dar. Hakuna mkataba wala cheti. Miezi saba nilikuwa mtu wa grisi: saa kumi na mbili na nusu asubuhi uko chini ya mtambo na bomba lako, pini moja baada ya nyingine, unasukuma mpaka ile ya zamani itoke pembeni, nyeusi, imejaa mchanga. Kisha oili, maji, haidroliki, udongo wa kwenye cheni. Kiti nilikikalia opereta akienda kula tu.

Siku niliyoachiwa peke yangu nikakata bomba la maji. Maji yaliruka juu, yakatua kwenye jiko la mama ntilie, sufuria la wali likawa bwawa. Bosi hakufoka. Alinyoosha mkono tu, nikamkabidhi ufunguo. Kumbe sehemu yenye mabomba unaanza kwa sururu na koleo, taratibu, mpaka uyaone. Opereta wangu alilijua hilo siku zote. Hakuniambia, maana kwake nilikuwa kibarua, siyo mwanafunzi.

Kwa hiyo mtu akikwambia atakupa uanagenzi, yaani ujifunze kazi chini yake, mwombe karatasi. Nani anakufundisha, utakaa kwenye kiti saa ngapi kwa wiki, ukimaliza unapewa nini. Akianza kucheka, ujue ni grisi tu hapo.

Kukosa karatasi kulikuja kuniumiza baadaye. Kazi za barabara za mabasi ya mwendokasi zilipopamba moto, nilikwenda kuomba. Wakataka cheti na leseni daraja G. Nina mikono, sina makaratasi. Kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika lever akachukuliwa, mimi nikarudi nyumbani na daladala. Nikaja kusoma kozi nikiwa tayari na mke na mtoto, ada inagombana na kodi ya nyumba.

Na pesa? Mtambo unalipa kwa masaa. Kuanzia Machi mpaka Mei masika ikikolea, mtambo umelala na wewe umelala. Mhasibu mvua haimhusu. Ila naye akisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, na hiyo ni kama kazi yenyewe kaipata. Rafiki yangu aliyesomea ujenzi ndiye leo anashika ramani, ananionyesha pa kuchimba. Mgongo wake haujui mtetemo. Kuna siku namwonea wivu, hasa jioni nikishuka.

Dada, sijamwambia mwanao aache chuo. Udahili unafunguliwa kila mwaka. Nimemwambia apite chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe aulize kozi za mitambo na ada yake, halafu aje saiti kwangu wiki mbili. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, na buti zake. Bomba la grisi ninalo.