Maswali na majibu: vidole vya mwanzo kwenye fluti

D ya katikati inatoka na ukungu, kama imeziba. Fluti yangu imeharibika?

Kabla hujampelekea fundi, tazama kidole chako cha shahada cha kushoto. Nina hakika kimekaa chini. Kwenye D ya chini kinabonyeza, lakini kwenye D ya katikati na E flati (noti iliyo nusu hatua chini ya E) ya juu yake lazima kiinuke ili kifungue tundu la juu linalosaidia noti ipande oktava, yaani D ileile lakini ya juu zaidi. Ukikiacha chini, sauti bado inatoka, na hapo ndipo hatari ilipo: sikio linaizoea ile sauti chafu na kuiona ya kawaida. Simama mbele ya kioo, piga D kisha E polepole, uone kidole kikiinuka kwenye D na kurudi kwenye E. Usiongeze mwendo mpaka kirudi bila kukumbushwa.

Chati ya vidole inaonyesha E ya chini na E ya katikati kwa vidole vilevile. Imekosewa?

Haijakosewa. Ni hivyohivyo kwa F, G, A na B. Kinachobadilika ni pumzi: uwazi kati ya midomo yako unakuwa mdogo na hewa inakwenda kwa kasi zaidi. Kupuliza kwa nguvu tu kunaleta kelele. Wanaokariri chati yote kwa siku chache kabla hawajashika noti moja ndefu iliyotulia wanajenga bila msingi, na walimu wanaowaruhusu wanawakosea.

Kidole kidogo cha kulia kina kazi gani? Naona naweza kupiga bila hicho.

Swali hili linarudi kila mara, na jibu halijabadilika: kikae kwenye kitufe chake. Kitufe hicho kinafungua tundu, na bila hilo noti nyingi hufifia au hutoka nje ya tyuni. Kwenye E kasoro hiyo husikika wazi kuliko kwenye noti zote. Hata B, inayotumia gumba na shahada vya kushoto tu, inakihitaji. Unakiinua kwenye D ya chini na ya katikati, na kwenye C na C shapu (nusu hatua juu ya C) za chini kabisa kinahamia vitufe vingine. Ukifika oktava ya tatu utakutana na chache nyingine, lakini wewe bado hujafika huko.

F shapu napiga kwa kidole cha kati cha kulia. Sawa?

Si sawa. Cha pete. Cha kati kiachie mapambo ya kasi.

B flati zipo za aina ngapi, na nianze na ipi?

Tatu. Anza na ya gumba na shahada vya kushoto pamoja na shahada ya kulia. Ya kitufe cha gumba, aliyoibuni mpiga fluti Mwitalia Giulio Briccialdi mwaka 1849, ni nyepesi na inavutia, lakini gumba likisahaulika pale, kila B ya kawaida inageuka B flati. Ijifunze baadaye, kwa nyimbo zenye flati nyingi.

Nilijifunza filimbi ya rekoda. Nitumie vidole vyake?

Hapana. B, A na G za mkono wa kushoto zinafanana na rekoda ya soprano, na ndiyo maana watu wanadanganyika. C ya rekoda ni gumba na kidole cha kati. Ya fluti ni shahada peke yake, gumba limeachia, kidole kidogo cha kulia kipo.

Nikipiga C kisha D ya katikati, fluti inazunguka mkononi.

Kwenye C karibu vidole vyote viko hewani, kisha D inavitaka chini kwa pamoja. Fluti inabebwa na shina la kidole cha shahada cha kushoto, gumba la kulia na kidevu. Ukiifinya kwa vidole vingine itazidi kuteleza, na kiganja kitauma. Shika C, ondoa kila ugumu kwenye mkono wa kulia, kisha shusha vidole vyote vya D mara moja bila kupuliza. Sikiliza vitufe: vikigonga kimoja baada ya kingine, rudia.