Tovuti ipo, mbona Google haioni?

Safu ya maswali ya wasomaji. Safari hii barua nyingi zimehusu jambo moja: namna ya kuonekana kwenye matokeo ya utafutaji bila kulipia tangazo.

SWALI: Wahariri, salaam. Nina karakana ya samani. Kijana aliyenitengenezea tovuti kwa WordPress alinikabidhi miezi minne iliyopita. Nikiandika jina la karakana kwenye Google naona Instagram yangu tu. Tovuti haipo kabisa. Ni kwa sababu bado ni mpya?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Hapana. Miezi minne ni mingi mno kwa tovuti kukosekana hata inapotafutwa kwa jina lake. Kuna mlango umefungwa, na kwa WordPress mlango huo huwa mmoja. Fundi akiwa bado anajenga huzuia injini za utafutaji ili kazi isionekane nusunusu, halafu siku ya makabidhiano anasahau kuondoa kizuizi.

Ingia Settings, kisha Reading. Chini kabisa kuna kiboksi kinachoziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye faharasa, yaani orodha kubwa ya kurasa ambamo Google hutafuta majibu yake. Kikiwa na tiki, iondoe na uhifadhi. Kipimo kingine cha haraka ni kufungua anwani ya tovuti yako ukiongeza mwishoni /wp-sitemap.xml. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress hutengeneza yenyewe ramani hiyo ya kurasa, ila tiki ile ikiwepo ramani haitoki. (Kama fundi aliweka programu-jalizi ya SEO, yaani ya kusaidia tovuti ionekane kwenye utafutaji, ramani inaweza kuwa kwenye anwani nyingine, muulize.)

Kisha fungua kwa namna ile ile /robots.txt, faili linaloziambia roboti za utafutaji zisiingie wapi. Ukiona mstari wa «Disallow: /» chini ya «User-agent: *», tovuti nzima imefungwa. Mstari wa «Disallow:» usio na mkwaju (/) haufungi chochote. Tofauti ni alama moja tu, na alama hiyo imewagharimu watu miezi.

Mlango ukishafunguka, jisajili Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona, ni bure. Chagua uthibitisho wa domeini nzima, yaani jina la anwani ya tovuti yako: utapewa mstari unaoanza na «google-site-verification=», uuweke kama rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS ya domeini yako, yaani mipangilio yake kwa aliyekusajilia. Kama huna nywila ya huko, mdai aliyekusajilia domeini. Hiyo ni mali yako. Baada ya hapo wasilisha ramani ya kurasa, bandika anwani ya ukurasa wa mwanzo kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu, na uombe uingizwe kwenye faharasa. Omba mara moja tu. Kubofya kila asubuhi hakuharakishi kitu. Inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa.

Search Console ikisema ukurasa umegunduliwa ila haujaingizwa, maana yake roboti wa Google anaijua anwani lakini hajaitembelea. Mara nyingi hakuna kurasa nyingine za tovuti zinazouelekea, au seva inajibu kwa kusuasua. Ikisema umesomwa ila haujaingizwa, hapo Google imeuona na haikushawishika. Ukurasa wa «Vitanda» wenye picha mbili na sentensi moja huishia hapo. Andika mbao uliyotumia, vipimo, bei, muda wa kutengeneza na mnafikisha hadi wapi.

SWALI: Tunauza na kufunga pampu za maji. Tovuti iko kwenye Google, lakini wanaotupata ni wale tu wanaolijua jina letu. Tufanye nini wanaotafuta pampu watuone? Na je, tuandike Kiswahili au Kiingereza?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Tumeitazama tovuti yenu. Kichwa cha ukurasa wa mwanzo, kile kinachosomeka kwa maandishi makubwa kwenye matokeo, ni «Home». Bei zote ziko ndani ya mabango ya picha, yale yale mnayotuma WhatsApp. Kwa hiyo neno «pampu» halimo popote kwenye maandishi yenyewe ya ukurasa huo. Msitegemee Google isome maandishi yaliyochorwa ndani ya picha. Bei, vipimo na majina ya bidhaa viandikwe kama maandishi ya kawaida.

Anzeni na maneno. Chukueni jumbe za WhatsApp za wateja za miezi mitatu na mnakili maswali yao jinsi walivyoyaandika, bila kuyasafisha: «pampu ya kisima mita 60 bei gani», «water pump ya sola ipo?», «mnafunga hadi Geita?». Kisha kwenye Google andikeni «pampu ya» na msubiri mapendekezo yanayoshuka. Hapo mtaona watu wanavyosema hasa. Hakuna anayetafuta «suluhisho endelevu la maji», hata kama limependeza kwenye bango.

Kila hitaji kubwa lipate ukurasa wake: pampu za kisima kirefu, pampu za sola, ufungaji na matengenezo. Msitengeneze ukurasa mmoja kwa «bei ya pampu ya maji» na mwingine kwa «pampu za maji bei». Ni hitaji lile lile, na kurasa mbili zitagombania nafasi moja. Kichwa cha kila ukurasa kiwe tofauti, kitangulize bidhaa kisha mahali, kama «Pampu za sola za kisima: bei na ufungaji, Mwanza». Google hukata vichwa kwa upana wa kioo, si kwa idadi ya herufi, lakini herufi 50 hadi 60 kwa kawaida husalimika. Ndani elezeni kina cha kisima ambacho kila pampu inakimudu kwa mita, lita inazotoa kwa saa, paneli ngapi zinahitajika, dhamana, na bei ikiwa na ufungaji na bila ufungaji. Mwuzaji anayeficha bei humlazimisha mteja arudi kutafuta kwingine.

Kuhusu lugha, wateja wenu huchanganya, nanyi mnaweza kulitaja jina la Kiingereza la bidhaa ndani ya sentensi ya Kiswahili. Mkitaka tovuti kamili ya lugha mbili, kila lugha iwe na anwani zake, /sw/ na /en/. Kitufe kinachotafsiri ukurasa papo hapo kwenye simu ya msomaji hakitengenezi ukurasa wa pili wa kuingizwa kwenye faharasa. Kurasa hizo mbili ziunganishwe kwa alama ya hreflang, inayoiambia Google kwamba ni ukurasa ule ule kwa lugha nyingine, kila moja ikijitaja yenyewe na kumtaja mwenzake. Upande mmoja ukisahau, Google inaweza kuipuuza alama hiyo. Msimbo wa Kiswahili ni «sw». Mafundi wengi huandika «tz» au «ke», nayo hiyo ni misimbo ya nchi, hairuhusiwi kusimama peke yake. Mkitaka kutaja nchi andikeni «sw-TZ».

Baada ya miezi mitatu fungueni ripoti ya utendaji ya Search Console (inatunza takwimu za miezi 16) na mtafute maneno ambayo mnaonekana nafasi ya 8 hadi 20 lakini hambofywi. Kurasa hizo ndizo za kuongezewa nyama kwanza, kwa sababu Google imeshakubali kwamba zinahusika.

SWALI: Je, ni kweli nikijaza maneno muhimu mengi kwenye sehemu ya «keywords» nitapanda?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii alama hiyo, orodha ya maneno iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, kupanga matokeo. Iacheni tupu.

SWALI: Nina nyumba ya wageni karibu na ufukwe. Kuna mtu ananiahidi nafasi ya kwanza Google ndani ya siku 30, pamoja na viungo (link) 500 kutoka tovuti nyingine. Nimlipe?
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Dada, usimlipe. Google haiuzi nafasi kwenye matokeo ya bure, na hakuna mtu wa nje mwenye uwezo wa kuiahidi. Viungo 500 hutoka kwenye tovuti zilizojengwa kwa kazi hiyo tu. Kununua viungo ili kupanda ni kinyume cha kanuni za Google, na tangu Penguin, sasisho la Google la mwaka 2012 dhidi ya viungo vya hila, mchezo huo umeangusha tovuti nyingi. Mara nyingi mifumo yake huvipuuza tu, na fedha yako imekwenda.

Kwa biashara yako, nguvu kubwa iko kwenye Wasifu wa Biashara wa Google, ule unaoonekana kwenye ramani. Ni bure. Jina liwe lile lililoko kwenye kibao cha mlangoni. Ukiongeza «bei nafuu Kilifi ufukweni» wasifu unaweza kusimamishwa. Chagua aina sahihi ya biashara, weka namba ya simu inayopokelewa, picha za vyumba vyenyewe, na utie kipini cha ramani langoni hasa. Unaweza kutakiwa kuthibitisha kwa video inayoonyesha kibao, barabara na ndani. Waombe wageni maoni siku wanayoondoka, bila kuwapa zawadi wala punguzo, kwa sababu maoni ya kununua hufutwa.

Viungo vya kweli omba kwa unaoshirikiana nao: waongoza wageni, shule ya kuzamia, chama cha wenye hoteli cha eneo lako. Vitano vya namna hiyo vinatosha kuanzia.

SWALI: Tulibadilisha muundo wa tovuti yetu ya vitabu na sasa wageni kutoka Google wamepungua zaidi ya nusu. Kila kitu kinaonekana kizuri zaidi kuliko zamani. Kimeharibika nini?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Anwani. Muundo mpya umebadilisha /kitabu.php?id=14 kuwa /vitabu/jina-la-kitabu, na anwani za zamani zinarudisha kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Sifa zote zilizokusanywa na anwani zile zimekosa pa kwenda.

Toeni kwenye Search Console orodha ya kurasa zilizokuwa zinabofywa kabla ya mabadiliko. Tengenezeni jedwali la safu mbili, anwani ya zamani na mpya yake, kisha fundi aweke uelekezaji wa kudumu, 301, mstari kwa mstari. Msielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Google huzihesabu kama kurasa zilizokufa. Kitabu kisichouzwa tena na kisicho na mbadala kibaki 404. Uelekezaji udumu angalau mwaka mmoja.

Mkiwa hapo, pimeni na picha za majalada. Kama zimepakiwa zikiwa na megabaiti 4 kila moja, zipunguzeni hadi upana wa pikseli 800 kwa muundo wa WebP, zishuke chini ya kilobaiti 100. Google hupendekeza kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na msomaji mwenye bando la siku atawashukuru kabla ya Google.