Mama Meli anajibu: Likizo ya melini na watoto wa daipa

Tangu nilipotaja hapa kwamba kabla ya kuhamia South B nilikuwa nikitandika vitanda kwenye meli za kitalii, barua nyingi zimekuwa za wazazi. Wengine wameshalipa, ndipo wanauliza. Leo nimechagua barua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inagusa karibu kila jambo.

SWALI: Mama Meli, hujambo? Naishi Kahawa Sukari na nina watoto wawili. Kifungua mimba ana miaka miwili na nusu, na mdogo atakuwa na miezi kumi tukifika Desemba. Tumeweka pesa kwenye sacco kwa ajili ya likizo, na wakala mmoja wa mjini ametuonyesha safari ya meli ya siku nne kutoka Durban. Mama mkwe anasema ni wazimu kumpeleka mtoto mchanga baharini. Mume wangu naye anataka tumchukue dada wa kazi ili tupumzike. Tufanyeje?
– Mama Wawili, Kahawa Sukari

JIBU: Mama Wawili, mama mkwe wako hajakosea kuwa na wasiwasi, ila wasiwasi wenyewe ameuelekeza kwa mtoto asiyehusika. Mdogo hana neno. Huyo mkubwa ndiye atakayekutoa jasho.

Kampuni nyingi za meli humkubali mtoto aliyetimiza miezi 6 siku ya kupanda. Safari za kuvuka bahari kuu, au zenye siku tatu mfululizo bila kutia nanga, hutaka awe na miezi 12. Wako ana kumi na safari ni fupi, kwa hiyo anaingia. Tena mtoto wa umri huo anabebeka, analala popote, na viazi vilivyopondwa kwake ni karamu.

Kitanda chake kidogo hulipii kitu, lakini kiagize siku ile ile mnapolipia safari, maana meli huwa na idadi maalumu. Usingoje kumwomba mhudumu ukiwa umeshapanda. Nakwambia hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiombwa. Nilikuwa nakibana kati ya ukuta na kitanda cha wazazi, na kikishakaa, sakafu imekwisha. Kabini za kawaida nyingi zina mita za mraba 13 hadi 17 hivi, bafu likiwa humo humo, kwa hiyo masanduku yanasukumwa mvunguni na baba anapita kwa ubavu. Bafu lenyewe mara nyingi ni la manyunyu tu, na pazia linakugandamia mgongoni ukiinama. Niliwahi kufungua mlango nikamkuta mama amemkalisha mwanawe ndani ya sinki la kunawia uso, anamsugua huku baba ameshika taulo mlangoni kwa kukosa pa kusimama. Nunua beseni la kukunjwa. Haliongezi uzito, na litakuokoa kila jioni.

Sasa tuje kwa mkubwa. Kwenye meli nyingi, mtoto anayevaa daipa haruhusiwi kuingia kidimbwi cha kuogelea, hata akivalishwa ile daipa maalumu ya kuogelea. Si ubaguzi. Maji ya kidimbwi huzungushwa na kuchujwa yale yale, na mtoto mmoja akijisaidia humo, kidimbwi kinafungwa, kinasafishwa na kutiwa dawa, na wageni wote wanakaa pembeni wamenuna. Baadhi ya meli kubwa zimetenga sehemu ndogo ya maji ya kuchezea kwa watoto wa daipa, lakini usidhani kila meli inayo. Picha za wakala hazitakuonyesha jambo hilo. Zitakuonyesha bomba refu la kuteleza lenye rangi saba, ambalo mwanao ataliona kila siku na kulilia kila siku.

Klabu ya watoto nayo, ile ya bure inayosifiwa kwenye matangazo, kwa kawaida huanzia miaka mitatu, na wengi hutaka mtoto awe ameacha daipa. Walio chini ya hapo hutegemea kampuni. Disney wana chumba cha kulelea watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, na Royal Caribbean wanacho kwenye baadhi ya meli zao, lakini huko unalipa kwa saa. Kwingine mtoto anaruhusiwa kuja kucheza, mradi mzazi akae naye hapo. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili na nusu anaangukia katikati. Hakubaliki kidimbwini, klabuni bado, na usingizi wa mchana ameanza kuukataa. Mwulize wakala, kwa maandishi, meli hiyo kwa jina lake ina nini kwa mtoto wa umri huo. Akikujibu kwa jumla jumla tu kwamba meli zote zina mambo ya watoto, tafuta wakala mwingine. Na anza poti sasa hivi. Akiacha daipa kabla ya Desemba, klabu itabaki ya kesho, lakini kidimbwi amekipata, na hiyo ni nusu ya likizo.

Kuhusu dada wa kazi, mwambie mume wako apige hesabu kwanza. Dada atahitaji pasipoti na kadi ya homa ya manjano, na atalipiwa nauli ya mtu mzima. Mtakuwa watano, na kabini nyingi hazizidishi watu wanne. Mtoto wa miezi kumi anahesabiwa kama mtu kamili, kwa sababu nafasi kwenye mashua za kuokolea huhesabiwa kwa vichwa. Hapo mnalipia kabini mbili. Tena akienda, yuko kazini, hayuko likizoni, awe na mshahara wake na saa zake za kupumzika. Mimi ningempa likizo yenye malipo aende ushago. Desemba ni yake pia.

Makaratasi yasiwachezee. Kila mtoto awe na pasipoti yake, na maombi hupitia eCitizen kwa idhini ya wazazi. Beba pia nakala zilizothibitishwa za vyeti vya kuzaliwa. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa ziara isiyozidi siku 90 kwa mwaka. Lakini safari fupi za Durban mara nyingi huingia Msumbiji, kwenye kisiwa kinachoitwa Portuguese Island au huko Pomene, kwa hivyo hakikisha wakala amekuandikia masharti ya kila kituo. Kadi ya manjano huulizwa kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja anayetoka Kenya, maana yake wewe, baba na huyo mkubwa. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Kama ulishachomwa zamani, tafuta kadi yako, kwani tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote. Kama hujawahi na unanyonyesha, mwambie daktari umri wa mtoto kabla hujapandisha mkono wa blauzi. Mtoto akiwa chini ya miezi 9, mama anayenyonyesha hachomwi hivi hivi bila kushauriwa. Desemba iko mbali vya kutosha kungoja afike tisa. Ukiwa hapo hapo, uliza pia kuhusu dawa ya malaria, maana Msumbiji ina mbu kama wa kwetu Pwani.

Kisiwani mnashushwa kwa vyombo vidogo hadi mchangani. Kigari cha mtoto hapo ni mzigo tu, kiacheni kabini. Chukua leso mbili, moja ya kumfunga mgongoni na nyingine ya kutandika chini ya kivuli. Na msishangae nahodha akibadilisha njia. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga upande ule wa Bahari ya Hindi, na hakuna atakayewarudishia pesa kwa sababu upepo umekataa kisiwa.

Chakula kisikunyime usingizi. Viti virefu vya watoto vipo, na oti hupikwa kila asubuhi, kwa hiyo unga wa wimbi ubaki nyumbani. Maziwa ya kopo ya mtoto beba ya kutosha siku zote na ziada, kopo likiwa bado na muhuri wake. Daipa vilevile, kwa sababu duka la meli likiwa nazo, bei yake itakufanya uanze kufua nepi za kitambaa. Birika la umeme usibebe, watalichukua kwenye ukaguzi wakupe siku ya kushuka. Beba chupa ya chai. Unaijaza maji moto mkahawani jioni, na saa tisa za usiku mtoto akilia una maji tayari. Omba zamu ya kwanza ya chakula cha jioni, ile ya saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili. Zamu ya pili ni ya watu wasio na watoto.

Ugonjwa ninaouogopa melini ni wa tumbo, ule wa kuhara na kutapika unaoruka kutoka mlango hadi mlango. Jeli ya mikononi haiwezi kirusi hicho vizuri, kwa hiyo nawisheni watoto kwa sabuni na maji, hasa baada ya kushika vyuma vya ngazi na vitufe vya lifti. Daktari wa meli yupo, na bili yake ni ya kigeni. Kateni bima inayolipia matibabu pamoja na kumsafirisha mgonjwa kutoka melini. Kichefuchefu cha mawimbi hakimshiki sana mtoto wa chini ya miaka miwili, ila mkubwa anaweza kupata. Chagueni kabini ya katikati ya meli, deki za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Dawa ya kutapika usimpe kwa kukisia.

Siku ya kwanza mtaitwa kwenye zoezi la dharura. Msilikwepe kwa sababu mtoto amelala. Meli nyingi humvalisha mtoto utepe wa mkononi wenye alama ya kituo chenu, na hapo ndipo pa kuomba jaketi la kujiokoa la kipimo chake. Mume wako ajaribu kulifunga hilo jaketi akiwa ametulia, si akiwa anakimbia.

Mkiyafanya hayo, nendeni. Mama mkwe mwonyesheni hiyo bima na kadi za chanjo, atapungua sauti.

SWALI: Mke wangu atakuwa na mimba ya wiki 25 tutakapokuwa melini. Ana afya njema na daktari wake hana pingamizi. Kuna shida?
– Baba Mtarajiwa, Lang'ata

JIBU: Ipo. Kampuni nyingi hazimpandishi mjamzito ambaye ataingia wiki ya 24 kabla safari haijaisha, na barua ya daktari haibadilishi sharti hilo. Hesabu kwa siku ya kushuka, si ya kupanda. Usijaribu kudanganya wiki, maana mtarudishwa bandarini na nauli imeliwa. Sogezeni safari hadi mtoto afikishe miezi sita, au mkapumzike mahali penye hospitali karibu.

SWALI: Kwa nini twende Durban ilhali Mombasa kuna bandari? Hatuwezi kupanda meli hapo na watoto?
– Mzalendo, Umoja

JIBU: Mombasa ina jengo zuri la abiria wa meli za kitalii, na meli huja, hasa kati ya Novemba na Aprili. Lakini nyingi zinapita tu. Abiria wao wamepandia kwingine, wanashuka kuzuru Fort Jesus au kukimbizwa Tsavo, jioni wanarudi melini. Usikatie tamaa Pwani kwa hilo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, treni kutoka Syokimau hadi Miritini tayari ni safari. Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, na mtoto wa chini ya miaka mitatu halipi.

Ukifika, mpande mashua kwa saa moja asubuhi, bahari ikiwa imetulia, uone mtoto anavyolichukulia jambo hilo. Ila kabla ya kukanyaga mashua, mwambie nahodha akuonyeshe jaketi la kumtosha mtoto. Si la mtu mzima lililokazwa kwa kamba, hilo litapanda juu majini na yeye atateleza chini. Wengi hawana la watoto. Asiye nalo, mshukuru uende kwa mwenzake, hata kama wa kwanza ameshakupunguzia bei.

SWALI: Mwanangu, binti yangu amenilipia safari ya meli na familia yake. Ana watoto watatu, wa mwisho ananyonya. Nimesikia nitalala kabini moja na wajukuu. Nafurahi, lakini nashuku kitu.
– Shosho wa Buruburu

JIBU: Shikamoo mama. Unashuku sawasawa. Niliwaona mashosho wengi melini waliozunguka dunia bila kuiona, kwa sababu kila usiku walikuwa kabini wakingoja wazazi watoke kwenye muziki. Zungumza na binti yako sasa, kabla ya sanduku kufungwa. Mwambie ni jioni zipi utakaa na watoto na zipi ni zako, na mzitaje kwa majina ya siku, maana "tutaona tukifika" ni kukubali zote. Ukitaka kabini yako peke yako, mwandae, kwani mtu mmoja kwenye kabini ya wawili mara nyingi hutozwa karibu nauli ya wawili. Labda mkubwa wa wajukuu alale kwako, na anayenyonya alale kwa mwenye maziwa.

Kama una presha au sukari, itajwe kwenye fomu ya bima, la sivyo bima haitalipa. Dawa zako zikae kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku huchukuliwa bandarini na linaweza kufika kabini jioni kabisa, na dawa ya saa nane mchana haingoji sanduku.