Kwa mleta mada: daktari wa ubongo anayetibu na kufanya utafiti, mama hafanywi panya wa maabara, ila kuna swali la kumuuliza

Mleta mada, nimekusoma. Mama anatetemeka mkono, mwendo umekuwa wa taratibu, mmepewa rufaa kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, halafu mkasikia kliniki yake inatibu na kufanya utafiti kwa wakati mmoja. Nyumbani mmegawanyika, na wengi waliokujibu humu wamekuambia mkimbie. Mimi nimekuwa mgonjwa wa kliniki ya namna hiyo kwa miaka kadhaa. Sina udaktari wowote, nakueleza nilichokiona nikiwa kwenye kiti cha mgonjwa.

Ugonjwa wangu si wa mama. Nina miasthenia gravisi. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia vipokezi, yaani sehemu za msuli zinazopokea amri, vilivyo pale neva inapokutana na msuli. Ubongo unatoa amri vizuri tu, msuli ndio hausikii. Asubuhi ni mzima kabisa, jioni kope zimelala, naona vitu viwili viwili na kutafuna kumekuwa kazi. Kabla ya kufika kwa daktari wa kliniki hiyo nilishapewa miwani, nikaambiwa ni uchovu, na mmoja akaniambia kwa upole kwamba nina mawazo mengi.

Sasa, tofauti niliyoiona siku ya kwanza wala haikuwa mashine. Aliniambia nitazame juu, kwenye kona ya dari, nisishushe macho, naye akashika saa ya kuhesabia sekunde. Kope la kushoto likaanza kushuka lenyewe, taratibu, mimi nikijitahidi kulizuia. Akaandika sekunde. Akaniambia ninyooshe mkono mbele usawa wa bega niushikilie hadi dakika 4 kama naweza. Sikuweza. Kisha nihesabu kwa sauti kuanzia 1 hadi 50. Nilipoingia thelathini na kitu sauti ikaanza kutokea puani kama ya mtu mwenye mafua makali, na yeye akaandika namba niliyokuwa nimefikia. Mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema, "Daktari, hiyo ndiyo sauti yake ya usiku."

Vipimo vile vimetengenezwa kwa ajili ya utafiti, ili mgonjwa wa huku alinganishwe na wa kule, na dawa ikijaribiwa tujue kwa namba kama inasaidia au watu wanajipa moyo tu. Lakini wa kwanza kufaidika nilikuwa mimi. Ukiulizwa "unaendeleaje?" utajibu "namshukuru Mungu", na daktari atakuandikia dawa ileile. Huyu alikuwa na namba za ziara iliyopita. Kuna siku nilimwambia niko vizuri, akaangalia karatasi yake akasema hapana, muda wa kushikilia mkono umepungua, tuangalie dozi. Na kweli wiki ile nilikuwa nimeshaanza kuogopa kumeza maji.

Kwa hiyo ninyi mnaosema utafiti ni upande mmoja na tiba upande mwingine, kwenye magonjwa haya historia inawakatalia. Kidonge ninachokunywa kila siku, piridostigmini, kina asili yake kwa daktari mmoja aitwaye Mary Walker, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich, London. Hakuwa profesa wala hakuwa na maabara ya maana. Aliambiwa kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana na watu waliopewa sumu ya kurare, ile inayopakwa kwenye mishale na kulegeza misuli. Akajiuliza, kama ni hivyo, kwa nini dawa inayoondoa kurare isijaribiwe kwa mgonjwa? Akamchoma mgonjwa sindano ya dawa hiyo, fizostigmini, na kope lililolala likainuka kwa muda. Akaandika barua kwenye jarida la Lancet mwaka 1934. Dawa yangu ni ya ukoo huohuo.

Hapo hakuna aliyekuwa anajua ugonjwa unatokana na nini. Jibu lilitoka kwa sungura. Mwaka 1973, watafiti wawili Marekani, Patrick na Lindstrom, waliwadunga sungura vipokezi vilivyotolewa kwenye samaki aina ya mkunga mwenye umeme, ili miili yao itengeneze kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika kitu kigeni, za kutumia maabara. Sungura wakalegea, kwa sababu kinga yao iligeukia vipokezi vyao wenyewe. Walipopewa dawa ya wagonjwa wa miasthenia, wakapata nguvu. Miaka mitatu baadaye daktari wa neva wa Uingereza, John Newsom-Davis, na wenzake wakaripoti wagonjwa waliobadilishiwa plazima ya damu, yaani sehemu inayobeba kingamwili, wakapata nafuu. Maabara na wodi zikakutana.

Newsom-Davis huyohuyo nampenda kwa jambo jingine. Tangu miaka ya 1930 madaktari wa upasuaji walikuwa wakiwatoa wagonjwa tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, wakiamini inasaidia. Wengine hawakuamini. Watu wakapasuliwa kifua kwa miongo bila mtu kujua kwa uhakika. Yeye akasukuma jaribio kubwa la kimataifa: wagonjwa 126, nusu wapate upasuaji pamoja na prednisoni, dawa ya kutuliza kinga, nusu prednisoni peke yake, nani anaenda wapi iamuliwe kwa bahati nasibu. Alifariki mwaka 2007 kwa ajali ya gari huko Romania, hakuyaona matokeo. Yalitoka mwaka 2016: waliopasuliwa walikuwa na dalili chache na walihitaji dozi ndogo ya prednisoni. Mimi nilipoulizwa kama niko tayari kutolewa tezi, daktari alinifungulia matokeo hayo mezani, akanionyesha kwamba mimi ni wa kundi lilelile lililopimwa. Nilitia saini bila kigugumizi.

Haya, upande wa pili, maana sitaki uende ukidhani ni pepo.

Daktari wangu amevaa kofia mbili, ya tiba na ya utafiti, na kuna wakati hizo kofia zinavutana. Mfano wa wazi: vile vipimo vya mkono na sauti, vikifanywa kwa ajili ya jaribio la dawa, mara nyingi wanataka usiwe umekunywa piridostigmini kwa saa 12, ili dawa isifiche udhaifu. Kwa utafiti ni sahihi kabisa. Kwangu mimi ni asubuhi ya kufika kliniki nimeshika shingo kwa mkono. Hiyo haikuwa tiba yangu, ilikuwa kazi niliyowafanyia wengine, na nina haki ya kujua hivyo kabla sijakubali.

Ndiyo maana swali langu pale ni moja, nauliza kila anapotaka kitu: hiki ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya utafiti? Chupa hii ya damu, ya nani? Picha hii ya MRI, itabadilisha dawa yangu au ni ya faili lenu? Mtafiti mzuri hachukii swali hilo. Wangu hujibu: "Chupa mbili zako, moja yetu." Siku moja nilikataa ile moja kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchomwa, akaweka chupa pembeni, tukaendelea na mazungumzo ya dawa kama kawaida. Ukimkatalia daktari na akanuna, au akaanza kukuchelewesha miadi, hapo wale waliokuambia ukimbie watakuwa na hoja.

Fomu ya ridhaa isomeni nyumbani. Msikubali kusaini mezani huku muuguzi anasubiri kalamu. Angalieni sehemu tatu tu, nyingine ni maneno ya wanasheria: kama mama anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza tiba yake, sampuli zake zitakaa wapi na zitatumiwa kwa nini, na akipata madhara nani anamhudumia. Pia iwe imepitishwa na kamati ya maadili ya utafiti, na namba ya kamati iwepo ili uweze kulalamika nje ya daktari mwenyewe.

Malalamiko yangu mimi ni madogo lakini yanakera. Ziara ni ndefu. Daktari husafiri kwenye mikutano, unakutana na msaidizi asiyekujua. Na damu niliyotoa kwa utafiti sijawahi kurudishiwa jibu lolote, kwa sababu majibu yale ni ya kundi, si ya mtu. Ningependa waliseme hilo mapema.

Kuhusu dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani wanachopewa baadhi ya wagonjwa wa jaribio ili kulinganisha, ambayo mjumbe mmoja hapo juu ameiita utapeli. Kwenye ugonjwa wa Parkinson, ule unaoleta kutetemeka na mwendo wa taratibu, kama ndio alionao mama, ni lazima iwepo. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver walionyesha kwa picha za ubongo kwamba wagonjwa wa Parkinson waliopewa dawa bandia walitoa dopamini yao wenyewe, ile kemikali ya ubongo inayowapungukia, kwa kutarajia tu. Sasa utajuaje dawa mpya inafanya kazi bila kuilinganisha na matarajio? Cha kuuliza ni kama ataendelea na dawa zake za kawaida wakati wa jaribio. Kwenye majaribio niliyoelezwa mimi, ndiyo.

Na msiende mkitarajia dawa ya siri. Huko ndiko watu wanakoumia. Jaribio linafanywa kwa sababu hakuna anayejua kama inasaidia, na daktari mwenyewe yumo kwenye hao wasiojua. Dawa atakayopewa mama ya kuanzia kwa kawaida ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, au nyingine ya kundi hilo, dawa za siku nyingi, zilizopatikana baada ya mtafiti Hornykiewicz kupima bongo za marehemu wa Parkinson huko Vienna na kukuta dopamini imepungua vibaya.

Mkienda, mrekodini kwa simu akitembea nyumbani, akigeuka mlangoni, akifunga vifungo. Mbele ya daktari wengi hujikaza, mkono unatulia kabisa, halafu mnarudi nyumbani mnalaumiana. Andikeni pia saa anazokunywa dawa zote, hata za kichefuchefu, kwa sababu baadhi ya hizo, kama metoklopramidi, zenyewe huweza kuleta kutetemeka na mwendo wa taratibu, na hilo ndilo la kwanza atakalotaka kuliondoa kabla hajaitaja Parkinson.