Kabla hujasajili kozi ya Uyahudi chuoni

Niliisajili kozi ya historia na dini ya Wayahudi nikiwa mwaka wa pili, chuoni Marekani, kwa sababu isiyo ya heshima: nilitaka alama za chee. Nimelelewa Kilutheri huko Moshi, na shule ya Jumapili nilikuwa sikosi. Habari za Musa na Daudi utanieleza nini?

Insha ya kwanza nikajaza kurasa tano za "Wayahudi wanaamini hivi, Wayahudi wanaamini vile", kila aya na mstari wake wa Agano la Kale. Ikarudi na C. Pembeni profesa ameandika, mara saba, kwa kalamu ya kijani: "Wayahudi wepi? Lini?" Nilinuna siku mbili, kisha nikaenda ofisini kwake. Akanipa Tanakh, Maandiko kwa mpangilio wao, akasema nifungue mwisho nimtafute Malaki, anayefunga Agano la Kale letu. Hayupo. Kitabu cha mwisho ni Mambo ya Nyakati. Maandiko yaleyale, lakini wao wanahesabu vitabu 24 tunapohesabu 39, na yanaishia kwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwaruhusu watu wapande Yerusalemu, si kwa ahadi ya Eliya. Kumbe nilichokuwa nakijua ni Ukristo. Basi, wewe mtoto wa kanisani, nenda na daftari jeupe.

Na usisajili kwa kusoma jina la kozi tu. Omba muhtasari wake uone mtasoma nini wiki kwa wiki. Kozi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa mbingu na ardhi. Mimi nakushauri ile inayowasomesha matini yenyewe, hata kwa tafsiri. Sisi tulipewa fotokopi ya ukurasa mmoja wa Talmud, mkusanyiko wa sheria na mijadala ya marabi: katikati Mishna, yaani sheria yenyewe, na Gemara, mjadala juu yake, upande mmoja maelezo ya Rashi, Mfaransa wa Troyes aliyefariki 1105, upande wa pili ya wanafunzi waliomfuata, baadhi yao wajukuu zake. Mwenzangu wa chumbani, Mmombasa aliyepita madrasa, alichungulia akasema, "Mbona kama vitabu vyetu vya sharhe?"

Kesi ya ukurasa ule: watu wawili wameishika nguo moja, kila mmoja anasema yote ni yangu. Waape, kila mmoja, kwamba hana chini ya nusu, kisha wagawane. Mnasoma wawiliwawili, kwa sauti, mkibishana. Kwa nini asiape kwamba yote ni yake, kama anavyodai? Kwa sababu akiapa hivyo kisha akapewa nusu, kiapo kitaonekana cha uongo. Saa nzima tulikaa kwenye mistari sita, na sijawahi kufurahia darasa vile.

Kiebrania kikiwepo, chukua. Kiarabu kimeshatulipia nusu ya nauli: damu ni *dam*, nafsi ni *nefesh*, sadaka ni *tzedaka*, saba ni *sheva*. Ila usivimbe kichwa, kwa kawaida irabu haziandikwi na utaumia.

Usikae kimya pia. Tulipofika 1903, Waingereza walipopendekeza kuwapa ardhi Wazayuni, Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, katika ule uitwao mpango wa Uganda, nilinyoosha mkono nikasema ardhi ile ni Uasin Gishu, Kenya ya leo. Profesa akanipa chaki nichore. Eldoret niliisogeza karibu na bahari.